Nilivyomuua Kapiteni wa Angani Mbele ya Mama Mkwe

Jumapili moja ya mwaka 1976, pale Nchelenge, Zambia, nilimuua kapiteni wa chombo cha angani, na nusura nikose mke kwa kosa hilo.

Usicheke. Tulia nikupe mkanda mzima.

Naitwa Nkulu, Mkongo wa ng'ambo ya pili ya Ziwa Mweru. Kazi yangu ilikuwa kununua samaki wakavu Nchelenge na kupanda nao lori hadi Kitwe. Kule nililala kwa kaka yangu Dominique, na Dominique alikuwa na televisheni.

Kila Jumamosi walionyesha mchezo wa wazungu wanaozurura nyota hadi nyota. Ulikuwa upuuzi mtupu, na niliupenda kupita kiasi.

Milima ya huko ilitikisika mtu akiiegemea. Majitu ya kutisha yalikuwa na zipu mgongoni. Na kila sayari, hata iwe mbali vipi, wenyeji wake walizungumza Kiingereza safi kunishinda mimi.

Nchelenge hakukuwa na televisheni hata ya dawa. Basi kila niliporudi, televisheni nikawa mimi.

Nilisimulia Jumapili baada ya ibada, kwenye baraza la kina Mable, mchumba wangu. Nilisimulia kwa Kiswahili cha sokoni, maana Kibemba changu kilikuwa cha kuomba maji tu.

Mkosoaji mkuu alikuwa mjomba wake Mable, Kabwe, ambaye wote tulimwita Yama, yaani mjomba. Alikuwa na mitumbwi mitano na dharau isiyohesabika.

"Ngoja," alinikatiza siku moja. "Ile chombo iko na batu ngapi?"

"Watu mia ine, Yama."

"Na wakifika fasi hawaijue, nani anashuka wa kwanza?"

"Kapiteni."

"Kapiteni mwenyewe. Anaacha batu mia ine, anaenda kushika majani ya sumu na mukono." Akatikisa kichwa. "Ile mutu, miye singemupa hata mutumbwi wa kuvusha mbuzi. Na weye unamupenda. Njo maana ningali nafikiri juu ya Mable."

Alikuwa anafikiri kwa mwaka wa pili sasa.

Kwa watu wa Mable, mjomba ndiye anayekata shauri. Hakuna harusi hadi mkwe aingizwe rasmi nyumbani, alishwe na mama mkwe kwa mkono wake. Kabla ya hapo, mimi na mama yake, Bana Mable, ilikuwa mwiko kuonana uso kwa uso. Tukikutana njiani, mmoja alipinda kuingia porini.

Kwa hiyo niliposimulia, yeye alibaki jikoni, nyuma ya ukuta wa matete. Nilichosikia ni mchi wake tu. Chombo kikipata hatari, mchi ulisimama. Nikajisemea, hapa nimepata shabiki.

Sasa, Jumapili hiyo ilikuwa zamu ya sehemu ya mwisho. Baraza lilijaa hadi watu wakakaa kwenye vinu.

Kabla sijaanza, Mable aliniinamia sikioni. "Yama amepata mwanaume mwengine. Lackson, karani wa mjini Mansa. Anakuja Jumanne."

Na shida haikuwa hiyo peke yake, kwa sababu hiyo sehemu ya mwisho sikuwa nimeiona. Dereva wa lori aliondoka Kitwe Ijumaa, hakutaka kusikia habari za nyota.

Mtu mwenye akili angekiri. Mimi nilitunga.

Tena nilitunga kwa hasira, ili Yama amheshimu kapiteni japo mara moja. Chombo kikawaka moto. Kapiteni akawashusha wote mia nne, yeye akabaki ameshika usukani hadi akaungua. Nilianza kulia mwenyewe, na mtunzi ni mimi.

Mchi ukasimama. Mkeka wa mlangoni ukafunguka. Bana Mable akatoka, unga hadi viwikoni, akanijia na kunitazama machoni.

"Muongo," akasema. "Ulisema chombo iko na dawa ya kufufua batu. Ilimufufua hata mupishi. Juu ya nini haimufufui kapiteni?"

Niliinamisha uso, lakini nilikuwa nimechelewa.

Yama Kabwe alisimama taratibu, furaha imemjaa. "Imeisha. Ameona uso ya mafyala, mama mukwe wake, mbele ya batu. Mable ataenda Mansa."

"Uso nimetoa miye, hapana yeye," Bana Mable akamjibu. "Unataka Nchelenge yote iseme dada yako anaonyesha uso kwa mwanaume asiye mukwe?"

Yama akaketi tena, na dada yake akamalizia:

"Basi aingizwe leo. Mable, shika kuku."

Saa kumi jioni nilikuwa nakula ugali na firigisi kutoka mkononi mwa mama mkwe. Jumanne Lackson alifika na tai yake, na aliyemkaribisha kiti ni mimi.

Sehemu ya mwisho sikuiona kamwe. Miaka ikapita, uongo ule ukaendelea kunisumbua. Siku moja nikamwendea Bana Mable akipasua samaki.

"Mama, munisamehe. Siku ile nilitunga. Najua mulimupenda sana kapiteni."

Hakuinua hata kichwa. "Nani alimupenda? Ile mutu alikuwa mujinga tangu siku ya kwanza. Miye nilikuwa nangoja weye useme kintu ya kushangaza, batu wakuwe wengi, nipate njia ya kutoka, uone uso yangu mbele yao. Kaka yangu angeniharibia mutoto."

Nilimshukuru hadi sauti ikanikauka. Niliumia kidogo pia, siwezi kuficha. Miaka yote nilijua nina shabiki mmoja.

Funzo? Wasimulizi wenzangu, watu wakikusikiliza kwa makini, usivimbe kichwa. Wengine wanasubiri tu ufike pazuri, wafanye ya kwao. Mimi walipofanya ya kwao nilipata mke. Wewe, sijui utapata nini.