Kigingi cha Nne

Mume wangu ni fundi baiskeli, na kulala kwa siri kwenye mashamba ya watu ni ujuzi wake wa pili. Kila mwaka tukifunga karakana tunapakia baiskeli mbili tunasafiri, na jioni, badala ya kubisha hodi na kuomba uwanja wa kulala kama watu wenye akili zao, yeye hutafuta ua mnene. Kengele anaifunga kitambaa. Moto hawashi, tunatafuna mkate mkavu. Asubuhi anafukia mashimo ya vigingi vya hema kwa kidole, moja moja, utadhani tumeiba. "Kuomba kunanishinda," husema. Nimevumilia, maana kumsema mtu huyu ni kumpigia mbuzi gitaa.

Lakini safari hii haikuwa ya matembezi. Kaka yake alikuwa amepata kiharusi, mkono wa kushoto ukalegea. Walikuwa hawajasemezana miaka tisa, tangu walipogombania nani alimuuguza mama yao na nani alituma salamu tu. Siku ile kaka mtu alimwambia asikanyage kwake tena. Binti wa kaka huyo ndiye aliyetupigia simu. Mume wangu alisikiliza, akakata, akaanza kujaza upepo matairi. Nikajua tunakwenda kupatana.

Tuliendesha siku tatu, magoti yangu yakiwaka moto. Jioni ya tatu tukafika kwenye geti, nalo lilikuwa wazi. Mume wangu akashuka, akalitazama, akalipita. Alisukuma baiskeli mpaka mwisho wa shamba, nyuma ya ua, akatoa kile kitambaa chake cha kengele.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Shusha sauti, mama watoto. Tutaingia kesho."

"Hapa ni kwa kaka yako. Umezaliwa hapa."

"Alisema nisikanyage."

"Na sasa umekanyaga wapi, hewani?"

Alipigilia vigingi vinne kwa jiwe alilolivisha soksi, lisisikike. Nililala nimempa mgongo. Namjua. Kukicha angefukia mashimo yake tukarudi tulikotoka, na mmoja wao angekufa bila mwenzake kumsemesha.

Asubuhi niliamshwa na hema kuniangukia usoni, upande huu kisha upande ule. Nje mtu alikuwa anahema. Mume wangu alinishika mkono, mtu mzima na mvi zake.

"Shemeji, umeamkaje?" Ilikuwa sauti ya kaka yake.

"Salama, shemeji," nikajibu nikiwa chini ya turubai, kwani ningesema nini?

"Niliwaona tangu jana. Geti sikulifunga. Nikakaa kusubiri hodi mpaka nikasinzia kitini."

Ndio ukoo nilioolewa huo. Mmoja hawezi kubisha, mwingine hawezi kuita.

Kisha akasema, na safari hii hakuwa anasema nami, "Vigingi vitatu nimeng'oa. Hiki cha nne kimekaza, na mkono wangu mmoja haunisikii. Toka unisaidie."

Mume wangu alitoka kwa magoti. Nilichungulia nikaona mikono mitatu juu ya kigingi kimoja, wanavuta, hawatazamani. Kilipong'oka walisimama, wakaongozana polepole kuelekea nyumbani bila hata kukumbuka kwamba mimi bado nimo ndani ya hema.

Nililikunja mwenyewe. Mashimo sikuyafukia hata moja.