Mutu Aliyezikwa kwenye Filme

Baridi ikianza, binti yangu hupenda kuangalia filme za zamani za kutisha kwenye simu. Juzi nilichungulia, nikamtambua yule muzungu mwenye uso mweupe kama unga wa muhogo.

Nilimwona utotoni kule Kashikishi, kando ya ziwa, katika chumba cha video kilichonuka petroli ya jenereta. Katika filme moja walimzika tukiangalia. Wiki iliyofuata, katika filme nyingine, akaingia mlangoni muzima, anacheka. Hakuna aliyeshangaa ila mimi. Papa, baba yangu, alikuwa amezama ziwani mwaka ule, naye tulikuwa tumemzika.

Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa anageuza samaki juani.

“Mama, ule mutu alikufa, wakamuzika. Leo amerudi.”

Aliacha samaki, akanitazama. “Na wewe unangojea nani arudi?”

“Papa.”

Alinivuta karibu, mikono yake imejaa magamba. “Ule anachezaka filme tu, mutoto wangu. Papa hakucheza.”

Kisha akalia, kwa sauti, mbele yangu. Tangu mazishi sikuwa nimemwona akilia, na nilidhani halii kwa sababu alijua Papa yuko njiani. Leo najua alikuwa anajizuia kwa ajili yangu.