Baba aliziba mlango, nyumba yetu ikakosa balozi: nilivyoizunguka serikali ya jiji ili wadogo zangu wasigawanywe

Wakuu, poleni na majukumu. Wakubwa zangu kama mmo humu, shikamooni.

Mimi ni msomaji wa kimya. Juzi nimeona uzi wa kijana analalamika: mtaa wamemtuma kata, kata wamemrudisha mtaa, na manispaa wamemwambia faili lake liko kata. Watu wakamcheka sana.

Mimi sikucheka. Nilikaa na simu mkononi nikachoka upya, uchovu wa miaka ya sabini.

Nitawasimulia yaliyonikuta. Chumvi sitii. Majina nimebadilisha kwa sababu watoto wa hao watu bado tunasalimiana.

Nyumba yetu ilikuwa Kariakoo, kwenye kona. Nyumba ya udongo na bati, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo. Ubavu mmoja unatazama sokoni, mwingine unatazama upande wa Msimbazi. Wazee wetu walikuja kutoka Lindi. Baba alikuwa kuli bandarini, akafariki nikiwa bado mdogo. Mama akabaki anatulea kwa vyumba viwili tulivyopangisha na mboga alizouza.

Mama alipoanza kuugua, niliacha shule nimuuguze. Nilikuwa darasa la sita. Nilijua nitarudi.

Sikurudi. Mama naye akaondoka, nikabaki mimi, Rukia na Shabani. Mimi ndiye mkubwa, na ukubwa wenyewe ulikuwa bado wa kuhesabia vidole.

Matanga yalipokwisha, baba mdogo Issa alituita ukumbini. Alikuwa amekuja kutoka Lindi kuzika. Hakuwa mtu mbaya, naomba mnielewe. Alikuwa na watoto wake kibao, na mali yake ni nguo alizovaa tu.

Akasema: "Shabani nitaondoka naye. Rukia ataenda kwa shangazi yenu Tanga. Wewe binti mkubwa, kuna mtu ameulizia, ana duka lake, mtu mzima mwenye heshima."

Rukia akashika kanga yangu. Hakulia, alishika tu.

Nikamwambia, "Baba mdogo, sisi tutakaa hapa hapa."

"Mtakaa kwa nani? Nyumba haina mkuu. Nani atakutambua?"

"Serikali."

Akacheka, halafu akaniona sicheki. Akasema, "Haya. Mimi naondoka arobaini ikishasomwa. Kama mpaka hapo serikali imekutambua kuwa wewe ndiye mkuu wa kaya, nitaondoka peke yangu. Kama haijakutambua, usinilaumu."

Hapo ndipo nilipoanza kuifahamu serikali ya jiji hili.

Kwa faida ya vijana, nieleze kidogo. Zamani zile huwezi kufika ofisi yoyote bila balozi wa nyumba kumi. Kila nyumba kumi zina balozi wao, mwanachama wa chama anayeishi hapo hapo. Juu yake kuna tawi, juu ya tawi kuna kata, halafu wilaya, halafu mkoa. Unga na sukari vikiadimika dukani, balozi ndiye anayesema nyumba fulani ina watu wangapi. Mgeni akilala kwako, unampeleka kwa balozi. Watu wakigombana, wanaanzia kwa balozi. Ukitaka kuolewa, kuzika, kurithi, swali la kwanza ni moja: balozi wako nani?

Mimi sikujua hilo swali lina uzito gani. Nilianza na Jiji, kwa sababu mama kila likitokea jambo alikuwa akisema "nitapeleka Jiji".

Nikavaa gauni langu la shule, ndilo lililokuwa zima, nikatembea mpaka zilipokuwa ofisi za Jiji. Kwenye korido nikamkuta karani anakunywa chai.

"Shikamoo. Naitafuta Halmashauri ya Jiji."

"Marahaba. Haipo."

"Imehamia wapi?"

"Haijahama, binti. Imevunjwa."

Nilikuwa nimetoka kulipita soko, magari yanapita, watu wanapita, jiji lote liko pale nje. Nikamuuliza, "Sasa jiji liko kwa nani?"

Akaweka kikombe chini akanionea huruma. "Limekatwa vipande vitatu. Kuna Kinondoni, Temeke na Ilala. Wewe wa Kariakoo ni wa Ilala. Nenda wilayani."

Nikaenda wilayani. Pale kulikuwa na benchi refu na watu waliochoka kama mimi. Zamu yangu ilipofika, bwana mmoja hakunyanyua hata kichwa. "Mambo ya kaya hayaanzii hapa. Anzia kata."

Kata nikamkuta katibu, mtu wa sauti kubwa lakini mwenye subira. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi siwezi kumtambua mtu ambaye balozi wake hajamleta. Karatasi yoyote inaandikika. Njoo na balozi wako, asimame hapo, aseme kwa mdomo wake: huyu ndiye mkuu wa nyumba hii. Tukimaliza hapo, hata mahakama ya mwanzo watakusikiliza kwenye mirathi."

Nikafurahi wakuu. Nilirudi nyumbani karibu nikimbie. Kumbe shughuli ndiyo ilikuwa inaanza.

Balozi niliyemjua mimi alikuwa Bi Hadija, wa upande wa Msimbazi, mpika vitumbua. Mlango wetu ulitokea kwake, salamu zetu za asubuhi zilikuwa zake, na kwenye matanga ya mama ndiye aliyesimamia masufuria. Nikamweleza. Akaacha kupindua vitumbua.

"Mwanangu, mbona unanitia mtihani. Nyumba yenu siyo yangu."

"Bi Hadija, si tunatokea kwako kila siku?"

"Mnatokea. Lakini siku nyumba zilipohesabiwa, ya kwenu ilihesabiwa sokoni kwa Mzee Chande. Zangu ni kumi bila ya kwenu. Baba yako alituletea mlango tu, nyumba aliiacha kule. Mama yako nilikuwa namsaidia kijirani, hakuna aliyeuliza. Nikisimama kata na kusema ni wangu, Chande atanishtaki tawini kwamba namwibia nyumba."

Hiyo habari ya mlango niliijua kwa mbali. Siku ile akanipa yote.

Mnakumbuka Jumapili za kujitolea? Watu wote wa nyumba kumi wanatoka na majembe kuzibua mitaro. Jumapili moja baba alikuwa amerudi alfajiri kutoka kupakua meli, akalala. Mzee Chande, aliyekuwa balozi wetu tangu wakati huo, akasimama mbele ya watu akamtaja kwa jina: mvivu, kupe, anayenyonya jasho la wenzake. Mtu ambaye mabega yake yalikuwa na sugu za magunia.

Baba aliamka akaambiwa. Hakugombana. Alinunua matofali, akauziba mlango wa upande wa sokoni kwa mkono wake, akatoboa mwingine upande wa Msimbazi. Alisema hataki kutoka nyumbani kwake akakutana na uso wa Chande. Na kweli hakukutana nao tena mpaka anakufa.

Heshima yake aliilinda, Mungu amrehemu. Sisi tukabaki na nyumba ambayo kwa serikali iko sokoni na kwa miguu iko Msimbazi.

Nikaenda kwa Mzee Chande. Alikuwa fundi cherehani, anashonea barazani kwake. Nilimwamkia, akaitikia huku mguu unaendelea kukanyaga cherehani.

"Wewe wa nani?"

Ananijua. Nikamtajia baba.

Cherehani ikasimama. "Nyumba ile imenipa kisogo. Mimi nyumba inayonipa kisogo nitaisemeaje? Nitasema nini, kwamba namwona huyu binti akitoka asubuhi? Sikuoni. Naona ukuta."

Mteja aliyekuwa anasubiri suruali akadakia, "Mpeleke tu mzee, utimize kumi. Tawini mpaka leo wanakuita balozi wa nyumba tisa."

"Nyamaza wewe, nitakushonea mguu mmoja."

Watu wakacheka. Mzee Chande hakucheka. Nikaona ile tisa inamuuma, inamuuma kwa miaka. Nikajua na yeye amechoka.

Nikamuuliza, "Na nikiufungua ule mlango?"

Alikata uzi kwa meno. "Ukiufungua, wewe ni jirani yangu. Jirani siwezi kusema sikuoni."

(Mkuu mmoja ameniuliza hapo chini kwa nini sikutafuta mtu wa kunipitishia mlango wa nyuma. Mkuu, ningemjua nani? Mtu mkubwa kuliko wote niliyemjua alikuwa mwalimu wangu wa darasa la sita.)

Kumwambia baba mdogo kulikuwa kugumu kuliko ofisi zote. Alisimama ghafla.

"Ule mlango kaka yangu aliuziba mwenyewe! Unataka kwenda kumpigia magoti Chande? Bora muondoke na heshima yenu."

"Baba aliuziba akiwa hai, baba mdogo. Alikuwa na nguvu za kutoboa mwingine. Sisi tunataka tu pa kutokea."

Alitoka nje akakaa mpaka chakula kikapoa.

Nilichagua Jumapili ya kujitolea. Sikuichagua kwa ujanja wowote. Nilijua tu siku hiyo naweza kuazima sululu.

Asubuhi watu wa upande wa sokoni wakiwa mitaroni, mimi nikaanza kupiga ukuta kutokea ndani. Rukia na Shabani wanabeba vipande vya matofali kwenye karai. Baba alikuwa amejenga vizuri mno. Kila tofali lililoanguka niliona kama namjibu vibaya. Mikono ikatoka malengelenge, nikafunga kitambaa, nikaendelea. Nilikuwa nalia pia, lakini vumbi lilinifichia.

Mwanga ulipoanza kuingia nikasikia kelele za nje zimekatika. Majembe yamesimama. Kisha kitu kikagonga ukuta kutokea upande wa pili. Nikarudi nyuma. Kikagonga tena, tofali zima likaingia ndani, na nyuma yake ikatokea ncha ya mtarimbo.

Alikuwa Mzee Chande, suruali kaikunja mpaka magotini, tope la mtaroni miguuni. Hakusema samahani kwa ajili ya baba. Nilisubiri aseme, hakusema. Alisema tu, "Sogeza watoto," akaendelea kuvunja.

Mbele ya watu wote wale, mahali pale pale alipomtaja baba.

Tundu lilipomtosha mtu kupita, nikageuka nikamwona baba mdogo Issa amesimama ukumbini. Sijui alikuwepo tangu lini. Akanipokea sululu, akamalizia matofali ya chini. Yeye na Mzee Chande walifanya kazi pamoja mpaka mwisho bila kusemeshana neno.

Kesho yake Mzee Chande alivaa kanzu safi tukaenda kata. Akasimama mbele ya katibu.

"Nyumba ya kona. Huyu ndiye mkuu wa kaya."

Katibu akanitazama. "Binti? Mwanamke?"

"Na mama yake aliyekuwepo kabla yake alikuwa mwanamume?"

Katibu akacheka mpaka akavua miwani. Mambo yakaishia hapo. Ofisi zilizonizungusha zote, kilichokuwa kinasubiriwa ni mzee mmoja aseme ananiona.

Arobaini ikasomwa. Baba mdogo aliondoka peke yake kama alivyoahidi. Stendi alimshika Shabani kichwani, akaniambia, "Umekuwa mkubwa vibaya." Mpaka leo sijajua ilikuwa sifa au pole.

Sasa wakuu, msidhani hadithi iliishia kwenye vigelegele. Kutambuliwa na serikali kazi yake niliijua baadaye. Mkuu wa kaya ndiye anayeitwa kwenye kila mkutano. Ndiye anayepanga foleni ya unga. Ndiye anayetoka kila Jumapili na jembe, hata kama mgongo hauinuki. Lile tope la mtaroni lililomkimbiza baba, mimi nimelizoa ujana wangu wote. Shuleni sikurudi. Rukia na Shabani walisoma badala yangu, na wamezeeka vizuri.

Jiji lenyewe likarudishwa, likapangwa upya, likapanguliwa tena. Leo kuna mtaa na mwenyekiti wake, kuna mtendaji, kuna manispaa. Majina yamebadilika. Swali mlangoni ni lile lile.

Nilichojifunza: usingoje shida ndipo uanze kuuliza nyumba yako inahesabiwa wapi na nani anaweza kusimama akasema anakujua. Serikali ina ngazi nyingi, ila zote zinamuuliza yule wa chini kabisa. Na yule wa chini ana kinyongo chake, ana jina la utani linalomuuma, ana cherehani yake. Mwendee mapema, hata kama kwenu mlimnunia.

Kijana uliyechekwa juzi, usikate tamaa. Rudi mtaani kwako.

Mlango wa upande wa Msimbazi sikuuziba. Niliiacha yote miwili wazi mpaka nyumba ilipokuja kubomolewa. Bi Hadija alipokuwa hai alikuwa akiniuliza leo natokea kwa nani, namwambia kwa mwenye vitumbua vya moto.

Kwa waliokuwepo miaka hiyo, balozi wenu alikuwa nani, na aliwasemea au aliona ukuta? Andikeni hapa, nasoma polepole lakini nasoma yote.