Dawa Mbili za Kornel

Kornel wa Usoke hajui kula peke yake. Hata muhindi wa kuchoma ataukata vipande, akuulize unataka upande gani, na akikosa wa kumgawia atautafuna kwa huzuni. Levina alimpendea hilo hilo. Na kwa sababu ya hilo hilo leo amekaa kwenye benchi la wodi ya wanaume mjini Tabora, mikono mapajani, akimtazama mumewe anavyozidi kupauka.

Tumbo lilianza kumvuja damu msimu wa kukausha tumbaku. Alikuwa akichochea kuni kwenye bani, lile banda la kukaushia, huku akimeza vidonge vya maumivu ya mgongo kama karanga, mpaka akaanguka mlangoni. Hospitali wakampitishia mpira wenye kamera, wakaona kidonda. Daktari Theodora, mama mcheshi aliyesomea China, akampa tiba mbili: vidonge vya hospitali vya rangi mbili, na unga wa mzizi wa Kichina wa kukoroga kwenye maji ya uvuguvugu.

"Unga ni msaidizi tu," akamwambia. "Kazi kubwa ni ya vidonge. Usiruke hata kimoja."

"Nimeelewa, daktari," akajibu Kornel. Alichoelewa ni kwamba ana dawa mbili.

Nyumbani Levina akawa askari. Kila asubuhi alikoroga unga, akasimama pale pale mpaka kikombe kiishe, maana ulinuka udongo wa kichuguu na Kornel alikuwa na tabia ya kuunywesha migomba. Vidonge alimwachia mwenyewe, kwa kuwa havikuwa na ubishi. Hapo ndipo alipokosea, maskini: alilinda dawa inayokera, ile nyingine akaiacha bila mlinzi.

Kornel akanawiri, hata akarudi kuimba kwaya. Kisha juzi akatapika damu shambani, wakamleta mjini juu ya lori la tumbaku.

Daktari Theodora hakumficha Levina. Mgonjwa anahitaji damu haraka, na ya kundi lake imekwisha. Ndugu waje kutoa. Levina akawa wa kwanza kunyoosha mkono, akapimwa, akaambiwa yake mwenyewe ni pungufu. Ndipo akampigia simu Mahona, kaka mkubwa wa Kornel.

Mahona alifika mchana, kavaa shati la kanisani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Wako wapi hao watoa damu? Wachukue hata debe."

Muuguzi akamuuliza kama anaumwa, na dawa gani anatumia. Mahona hana uongo. Akasema tumbo lilimsumbua sana, choo kikawa cheusi, lakini sasa limetulia. Akachomoa mfukoni kifuko cha nailoni. Ndani mlikuwa na vidonge vya rangi mbili.

"Hivi vimeniokoa, shemeji," akamgeukia Levina. "Kornel ananipa kila Jumapili baada ya ibada. Mungu amzidishie."

Muuguzi akatikisa kichwa. Choo cheusi ni damu inayovuja tumboni; damu ya Mahona haitachukuliwa, na yeye mwenyewe amwone daktari leo leo.

Levina alitafuta mtu wa kumkasirikia, akakosa. Mahona alikuwa bado kakunja mkono wa shati, hajaelewa kosa liko wapi. Levina akamwacha hapo, akaenda kitandani.

"Kornel, vidonge ulimpa kaka?"

Kornel akafumbua macho taratibu. "Mimi nilikuwa na dawa mbili, mama Emilian. Yeye hakuwa na hata moja. Ningevimezaje vyote?"

Levina alikuwa na maneno, tena makali, lakini alimpenda mtu huyu. Akamfunika miguu, iliyokuwa ya baridi.

"Sauti ya kaka hiyo nje?" Kornel akauliza. "Ametoka mbali. Amekula?"

"Amekula," Levina akasema, ingawa hakuna aliyekula. Kisha akageukia mlango ambao damu ingeingilia, akangoja, na hakuna aliyeingia.