Bibi Harusi Alitoka Mara Moja

Nilisikia makofi kabla sijaona chochote. Nilikuwa nimeshuka basi Kasulu, vumbi jekundu la njiani bado limo machoni, nikiinama kutafuta begi langu, na nyuma yangu yakalia makofi mawili ya taratibu, ya viganja vilivyokunjwa kidogo. Kimya. Halafu mawili tena. Wewe uliyelelewa huku unayajua, ni makofi ya mama anayesalimia kwa heshima. Lakini haya nilimjua hata mpigaji wake. Yalikuwa ya bibi yangu, na bibi tulishamzika.

Nikageuka. Waendesha bodaboda watatu walikuwa wameinamia simu moja, wanatazama ile sehemu ya harusi.

Kama hukuwahi kuiona, basi nikueleze. Vijana wa mjini Kasulu walikuwa na mchezo wao wa vichekesho, ambao watu waliacha hata kupalilia ili wauwahi kwenye kibanda cha video. Nilipokuwa darasa la tatu, walikuja kurekodi harusi nyumbani kwetu Heru Juu. Nyumba ilikuwa ya bibi. Bibi harusi alikuwa mama mdogo, kitinda mimba wake, ambaye hadi siku hiyo alikuwa ameonekana mchezoni mara moja tu, akiuza mchicha, maneno mawili, kwisha. Mwongozaji alimwahidi kwamba harusi ikitoka vizuri, wangemchukua kikundini moja kwa moja na kuondoka naye kwenda kurekodi Kigoma. Wiki nzima mama mdogo hakula vizuri. Alitwanga muhogo akisema maneno ya mchezo, akachota maji akisema maneno ya mchezo.

Siku yenyewe ilipofika, hakuna jirani aliyekuja mikono mitupu. Waliambiwa ni kuigiza, wakaitikia ndiyo, ndiyo, kisha wakaja na vikapu vya maharage, mikungu ya ndizi na jogoo aliyefungwa miguu. Jikoni kulinuka moshi wa kuni na ugali wa muhogo. Mtungi wa pombe ya ndizi ukawekwa katikati na mirija yake, na wazee wakaanza kunywa kabla kamera haijatolewa kwenye mfuko. Mwongozaji akapaza sauti, "Jamani, hiyo ni ya kwenye picha!" Jirani yetu mzee akautoa mrija mdomoni na kumtazama kwa huruma. "Mwanangu, kwani kwenye picha itakuwa na ladha gani?"

Mzee huyohuyo ndiye aliyemweka kati bwana harusi, kijana wa mjini mwenye koti la kuazima. Akamuuliza ukoo wake. Akamuuliza baba yake anafuga au analima. Kijana akavuja jasho hadi akasema ukweli: "Mzee, mimi nina mke na watoto wawili."

"Eh! Sasa umekuja kutufanyia nini hapa?"

Tulicheka mpaka kuku wakatawanyika. Na akina mama wa kwaya walipokuwa wakiimba, mwongozaji akisema "kata!" waliendelea tu hadi wimbo ukaisha wenyewe. Wimbo wa kumsindikiza binti haukatwi katikati.

Tatizo lilikuja mlangoni. Katika mchezo, bibi harusi anatoka, anafika uani, anakumbuka ameacha simu, anainua gauni na kukimbia kurudi ndani. Hapo ndipo watu wangecheka. Na mwongozaji alitaka atoke mara nyingi, ili achague iliyo nzuri.

Bibi akasimama. Alikuwa mama wa bibi harusi kwenye mchezo kama alivyokuwa nyumbani.

"Binti akitoka kwa heshima ametoka," alisema. "Nafunga mlango. Mara moja."

"Bibi, hii ni maigizo tu."

"Maigizo ni yako, mjukuu wangu. Mlango ni wangu."

Mwongozaji akashika kiuno. Akasema kama ni hivyo watafungasha, watarekodi kijiji kingine, na bibi harusi watampata hukohuko. Nikamwona mama mdogo akikaza taya.

Sisi wajukuu tulijua mlango ule ulikuwa na nini. Bibi alitoka kwao Burundi akiwa msichana, wakikimbia machafuko wote kwa pamoja, na nyuma yao nyumba ikabaki wazi. Hakuna aliyebaki wa kufunga. Ndiyo maana kila alipotuaga, hata tulipokwenda shule, alifunga mwenyewe kwa mkono wake. "Mtu akitoka," alikuwa akisema, "asikie kwamba ndani kuna mtu."

Mama mdogo hakumwomba mama yake alegeze. Alimfuata mwongozaji. "Nitatoka mara moja. Sirudi. Simu mama atanipitishia dirishani. Nikikosea, tafuteni mwingine, sitawalaumu."

Mwongozaji akamtazama mpiga picha. Mpiga picha akainua mabega na kusema, "Haya, kaka, tujaribu."

Mimi nilikuwa ndani na bibi. Yaliyotokea mle ndani ndiyo kipande ambacho kamera haina. Mama mdogo alivuka kizingiti, akageuka, akapiga magoti na gauni lake jeupe, akapiga makofi. Hayakuwa kwenye mchezo. Bibi akajibu kwa yake, yale niliyoyasikia stendi. Kisha akafunga mlango, akauegemea kwa kiganja, na katika kile kiza cha ghafla nikaona meno yake. Alikuwa anatabasamu. "Ameondoka kama mtu mwenye kwao," akanong'ona. Halafu simu ikaita mkononi mwake, akashtuka, akaitupa dirishani kama kaa la moto, na uani kukalipuka kicheko ambacho hadi leo kimo kwenye mchezo. Ilitosha mara hiyo moja.

Mama mdogo alibadilisha nguo kwa jirani na kuondoka na gari lao jioni ileile. Leo anaandika michezo yake mwenyewe, na mimi ninayeandika vitabu nilijifunza kwake kwamba jambo zuri huweza kufanywa mara moja tu, ukiwa umejiandaa. Nyumba ile haipo. Kuna ya matofali ya kuchoma, yenye geti la chuma. Mtungi sijui ulikwenda wapi.

"Huyu bibi noma," alisema mmoja wa waendesha bodaboda.

"Ni bibi yangu," nikasema, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Walinitazama, wakairudisha video nyuma kidogo, wakanisogezea simu. Mama mdogo aliinuka kutoka magotini, akakung'uta vumbi kwenye gauni, akaanza kushuka uani bila kugeuka. Nyuma yake, mkono mmoja mweusi wenye bangili ya shaba ukauvuta mlango, ukaufunga.