Mgeni Ajitambulishe Mwenyewe

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ambayo hata nikija kusahau jina langu, yenyewe sitaisahau. Nilikuwa msichana bado. Nilikodi chumba huku Marekani, kule Wheaton, mchana natunza wazee majumbani mwao, jioni nasoma uuguzi. Jumamosi hiyo tulikutana kwenye ukumbi wa chini wa kanisa moja la Beltsville, sisi Watanzania na Wakenya wachache, kwa ajili ya kaka yangu Deo.

Nikueleze kwanza kilichompata Deo. Taa ya nyuma ya gari lake ilikuwa imeungua. Askari akamsimamisha, akamwomba karatasi, na karatasi za Deo zilikuwa zimekwisha muda tangu alipoacha chuo kwa kukosa ada. Jioni ile ile akawa mikononi mwa watu wa uhamiaji. Hakuiba, hakumpiga mtu. Taa tu, mwanangu, balbu unayoipata dukani ukienda kununua maziwa.

Jumuiya yetu ikafanya nini? Ikanong'ona. "Mchuma janga hula na wa kwao," alisema mmoja, kana kwamba Deo alililima janga hilo shambani. Wengine waliacha kupokea simu zangu. Sikuwalaumu sana, maana kila mmoja alikuwa na lake la kuficha, na mwenye hofu hapendi kuonekana karibu na aliyekamatwa.

Aliyekuja karibu ni mwanamke mmoja, Yamileth. Mara ya kwanza nilimwona kwenye duka la kufulia nguo, nikamsalimia kwa Kiswahili bila kufikiri, kwa sababu sura yake na ya binamu yangu wa Tanga ilikuwa moja. Akacheka, akaniambia kwa Kiingereza kwamba Waswahili wote wa Wheaton humfanyia hivyo hivyo. Kwao ni Honduras, kwenye kijiji cha watu weusi cha pwani, na Kihispania ndicho alichosomea shule. Alifanya kazi kwenye ofisi ndogo ya kutetea wahamiaji. Nilipomsimulia habari za Deo hakuuliza kosa lake. Aliuliza anashikiliwa wapi. Akatupatia wakili, kisha akanieleza taratibu, kama ninavyokueleza wewe sasa: hakimu atataka kujua kama mtu huyu ana watu wake hapa, au akiachiwa atatoroka. Barua za kumsemea husaidia, lakini benchi zilizojaa husema zaidi.

"Niletee watu Alhamisi," aliniambia. "Usafiri niachie mimi."

Usafiri wenyewe ulikuwa basi dogo la Tanya, dada Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Bowie. Tanya na Yamileth walikuwa wapenzi, wanaishi nyumba moja, wanagombana juu ya nani aliacha vyombo, kama watu wote waliokaa pamoja muda mrefu. Hawakujificha, na hawakuwa na haja ya kutangaza.

Sasa, unaijua desturi yetu ya kutambulisha wageni. Kabla ya ajenda, mgeni husimama mwenyewe, hutaja jina lake, kwao, na aliyekuja naye, kisha ukumbi humpigia makofi ya kilo. Hata mtoto mchanga husimamishwa na mamaye apigiwe yake. Nyumbani kwetu mgeni asiyepewa nafasi hiyo ni kama hajafika.

Mwenyekiti wetu, Mzee Komba, alinivuta pembeni karibu na birika la chai.

"Binti," alisema, "yule dada wa ofisi tunamshukuru sana. Lakini huyo mwenzake abaki kwenye gari. Na utambulisho leo nitaufanya mimi."

"Mzee, tangu lini mgeni akasemewa?"

"Tangu leo. Tunataka Deo atoke. Hayo mengine yatawafukuza watu."

Papo hapo akamtuma mtu nje akamwambie Tanya kwamba ukumbi umejaa. Viti vilikuwa vitupu mpaka mlangoni, mwanangu. Na baridi ya Februari ile ilikuwa ya kukata masikio.

Kikao kikaanza kwa sala. Mzee Komba akasimama, akakohoa, akasema, "Tunaye hapa dada kutoka ofisi ya wahamiaji. Atatusaidia mambo ya usafiri. Makofi tafadhali. Ajenda ya kwanza."

Kutoka nyuma ikaja sauti ya Mama Nzilani, Mkamba wa Machakos, muuguzi aliyekaribia kustaafu, ambaye aliitwa mama na kila mtu pamoja na waliomzidi umri.

"Mwenyekiti, hebu ngoja. Huyo ni mgeni ama ni mzigo wa posta? Wacha ajiseme!"

Watu wakacheka, wakaanza kugonga meza. "Mgeni! Mgeni!" Mzee Komba akaketi kama mtu aliyekalia kitu chenye unyevu.

Yamileth akasimama. Alisema kwa Kiingereza, taratibu, na mimi nikawatafsiria wazee waliokuja kuwatembelea watoto wao.

"Naitwa Yamileth. Kwetu ni pwani ya Honduras. Aliyekuja nami anaitwa Tanya, ni mwenzangu wa maisha, na sheria ingeturuhusu ningesema ni mke wangu. Yuko nje kwenye baridi kwa sababu ameambiwa ukumbi umejaa."

Watu wakatazama vile viti vitupu.

"Nimezoea," aliendelea. "Kwenye mikutano ya Walatino naambiwa nisiseme sana habari za weusi wangu. Kwenye maandamano ya weusi naambiwa mambo ya wahamiaji yasubiri. Kanisani naambiwa nimwache Tanya nje. Kila mlango unanikaribisha, ila kila mlango unataka niache kipande changu nje kabla ya kuingia. Askari akinisimamisha barabarani, hanikamati kwa vipande. Ananikamata mzima. Sikuja kuomba mnipende. Deo ana kesi Alhamisi. Basi litakuwa kwenye maegesho ya gari ya pale penye maduka, Wheaton, asubuhi. Ni la kila mtu."

Hakuna aliyepiga makofi. Familia kadhaa zikachukua makoti yao. Mzee Komba akafunga kikao kwa sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia akisali, na yeye kwa kawaida humwombea mpaka rubani wa ndege zinazopita.

Mimi damu ilinichemka. Nikamfuata jikoni mbele ya kina mama, nikamwita mnafiki. Nikawaita wote wanafiki, na maneno mengine ya kwetu Morogoro ambayo sitayaandika hapa. Nilitaka kutoka na nisirudi tena kwenye jumuiya ile. Mama Nzilani akanishika mkono, akaniketisha juu ya kreti ya soda.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza!"

"Maliza. Halafu uniambie Alhamisi nani atakalia hizo benchi."

Nikaanza kuwahesabu kwa vidole, vidole vikabaki vingi.

"Anna, mama, hiyo hasira ni yako na ni ya haki. Mimi pia nimekasirika. Lakini hasira haijazi basi. Hawa watu ni waoga, na mwoga ukimtukana anapata sababu ya kukaa nyumbani. Enda umlete yule msichana ndani anywe chai. Kisha ukienda kwako, shika simu. Mmoja mmoja. Uwaelezee."

"Niwaeleze nini, Mama? Si wamesikia?"

"Wamesikia. Kuelewa ni kitu ingine."

Basi nikamleta Tanya ndani. Mama Nzilani alimmiminia chai mwenyewe, akamwongezea sukari bila kumuuliza, na Tanya akainywa yote kwa adabu ingawa uso ulionyesha kwamba utamu ulimfika kwenye magego.

Jumapili nzima nilishinda kwenye simu. Mwanangu, kama umewahi kumlazimisha mtoto kunywa dawa ya minyoo, zidisha. Mmoja aliniuliza kama mchungaji ameruhusu. Nikamwambia mchungaji si hakimu. Mwingine, baba mzima mwenye wajukuu, akaniuliza kama watu wakimwona kwenye basi lile watadhani na yeye ni hivyo.

"Una mke na watoto sita, baba. Nani atadhani?"

"Watu wanasema, Anna."

"Watasema hata ukibaki."

Mama mmoja wa Bowie, mwenye kazi nzuri serikalini, akasema atakuja ila akae kiti cha nyuma kabisa, mbali na dereva.

"Kaa hata juu ya paa, dada yangu," nilimwambia, "mradi ufike mahakamani Baltimore."

Kwa kila mmoja nilirudia yale yale. Kwamba Deo hana mwingine. Kwamba aliyemtafutia wakili ni Yamileth, wakati sisi tulimtafutia methali. Kwamba nikimficha ninamwambia, nipe nguvu zako lakini nakuonea haya. Wengine walikata simu. Wengine walisema watafikiri, na unajua maana ya Mswahili kusema atafikiri. Niliporudisha simu mahali pake sikio lilikuwa la moto na sikuwa na hakika ya mtu hata mmoja.

Alhamisi asubuhi nilimkuta Tanya amewasha injini ili basi lipate joto. Mama Nzilani alikuwa ameshaketi, na kikapu cha maandazi mapajani. Yamileth alikuwa ameleta wenzake: kina mama wa Honduras na El Salvador, vijana weusi wa jijini. Wa kwetu wengine, hakuna. Nikasimama kwenye maegesho nikiangalia kila gari linalokata kona. Nilimwaza Deo akigeuka mahakamani kutafuta uso wa nyumbani, na kumwona dada yake peke yake.

Wakaja. Wa kwanza ni baba wa watoto sita, kavaa kofia mpaka kwenye nyusi. Akaja yule mama wa Bowie. Wakaja wengine ambao sikuwapigia hata simu. Wa mwisho, tukiwa tunafunga mlango, alikuwa Mzee Komba na suti yake ya harusi. Basi lilikuwa limejaa kweli safari hii. Kiti kilichobaki kilikuwa cha mbele, ubavuni mwa Tanya. Akakitazama, akatutazama sisi, akapanda. Kabla hatujafika barabara kuu walikuwa wanabishana njia ipi ina foleni ndogo, na wote wawili walikuwa wamekosea.

Mahakamani Deo aliletwa na pingu. Wakili akaomba waliokuja kwa ajili yake wasimame, na benchi zote zikasimama. Hakimu alivua miwani, akatutazama mstari kwa mstari, akauliza kama kweli sote tunamjua kijana huyu. Mzee Komba akajibu kabla ya wakili, "Ni mtoto wetu, mheshimiwa." Deo akalia. Hakimu akakubali kumwachia kwa dhamana angoje kesi yake akiwa nyumbani, na wiki ile ile alilala kwenye kochi langu. Kesi yenyewe ilituchosha miaka, ila aliishinda akiwa huru.

Usidhani mambo yakawa matamu baada ya hapo. Mzee Komba hakuomba radhi, na mpaka leo husimulia kwamba basi lile alilitafuta yeye. Waliotoka siku ile kwenye kikao, wengine hawakurudi. Yamileth naye hakutuachia neno lolote la hekima. Njia nzima ya kurudi alilala, mdomo wazi, kwa uchovu wa mtu aliyebeba shughuli za watu wengine wiki nzima.

Na mimi nilidhani tumejifunza. Ndiyo maana jana, niliposoma ujumbe wenu vijana kwenye kundi la simu, nilikaa chini nikashika kichwa. Mnamwomba yule kijana mweusi wa Kolombia aje awafundishe watu haki zao pale watu wa uhamiaji wanapogonga mlango. Vizuri kabisa. Kisha mnamwomba asivae fulana yake yenye rangi za upinde wa mvua, na asije na mpenzi wake, mwanamume mwenzake, "ili wazee wasikwazike." Wazee gani, mwanangu? Mbona hamkutuuliza? Mmezaliwa hapa, mmesoma kuliko sisi, na bado mnamtuma mgeni akakae kwenye gari!

Haya, nimeshafoka. Sasa nisikilize, maana nakupenda na najua moyo wako ni mwema.

Wahenga walisema, ukipenda boga, penda na ua lake. Anayekupigania huja mzima: rangi yake, lugha yake, na yule anayempenda. Ukimwambia abakize nusu yake nyumbani, umeshafanya kazi ile ile ya wanaomkamata, tena bila mshahara. Na walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo kwa masharti. Mambo ya dini mwachie Mungu, yeye hajatuomba tumsaidie kukagua watu mlangoni.

La pili ni gumu kidogo. Wale watakaonung'unika, usiwatukane na usiwaache. Wapigie simu. Waeleze, na wakisahau waeleze tena, hata kama koo litakauka. Uvumilivu ni wako wewe kuubeba mbele ya watu wako. Usimtwishe mgeni kwa kumwomba ajifiche. Hapo ndipo wengi wenu mnapochanganya.

Kwa hiyo mpigie kijana huyo leo, kabla hajaamua kwamba sisi ni kama wengine. Mwambie aje anavyopenda, na aliyenaye aje. Mzee yeyote akikwazika, mlete kwangu, nina muda na nina chai.

Mungu akupe ulimi mpole na mgongo mgumu, mwanangu. Siku utakayohitaji watu wa kusimama kwa ajili yako, uwapate, wakiwa wazima wote, wasikuulize wewe ni wa wapi.