Nekesa Aliyetusomea Mto Nzoia

Nimeandika hii post mara tatu nikifuta. Akili imekataa. Nekesa hayuko.

Jana asubuhi nilikuwa dukani Malaba nikifungua simu ya mteja, Barasa, kaka yake Nekesa, akanipigia. "Boss, Nekesa ametuacha." Nikamuuliza, ametuacha ameenda wapi? Swali la kijinga. Nikasikia kina mama wakilia nyuma yake, ndio nikaelewa.

Kwa wale hamkumjua: alikuwa muuza samaki wa omena huko Budalang'i, miaka ishirini na sita, na volunteer mwenzangu. Watafiti wa hali ya hewa walitupa training Busia town, wakatugawia vipima mvua vya plastiki. Changu nikaweka kwetu Amukura. Nekesa akapewa na kazi ya pili, kusoma ule ubao wenye namba uliosimamishwa ndani ya Nzoia, tujue maji yamefika wapi.

Kila siku saa tatu asubuhi. Jua, matope, Krismasi. Hakuna mshahara.

Alizaliwa na sickle cell, ule ugonjwa wa damu. Siku mifupa inamuuma alienda mtoni akijikongoja na fimbo, anasoma, anatuma kwa group yetu ya simu, halafu anakaa kwa nyasi mpaka apate nguvu ya kurudi. Hiyo niliambiwa na Barasa. Yeye kwa group aliandika namba tu.

Mimi nilichoka mapema. Kuna wiki kazi ilinizidi, sikupima. Jumamosi nikakaa chini nikatunga namba za siku nne. Zilikaa poa kabisa!

Nekesa akapiga. "Etyang, Amukura ilinyesha Jumatano?"

"Kidogo."

"Nimekutana na mama yako soko ya Busia. Anasema mahindi inakauka, wiki nzima hakuna tone."

Hakungoja nijitetee.

"Futa. Andika hukupima. Kukosa kupima si aibu, boss. Lakini kuna watu watahama ama watalala kwa sababu ya hizi namba."

Nilifuta. Nikamkasirikia karibu mwezi mzima.

Halafu ikaja ile mvua ya milimani. Budalang'i yenyewe ilikuwa jua kali, watu wameanika samaki. Lakini volunteers wa huko juu ya mto walikuwa wanatuma namba hatujawahi kuziona, na ubao wa Nzoia ulikuwa unamezwa na maji.

Nekesa akaenda kwa mzee wa kijiji. Mzee akamwangalia. "Msichana, na hili jua lote, mafuriko itoke wapi?"

Akamfungulia daftari, akamwonyesha mstari kwa mstari, jana, asubuhi, saa hii. "Mzee, nikikosea mtanicheka mpaka mchoke. Lakini leo toeni watoto."

Mzee akavaa viatu. Wakapita nyumba kwa nyumba. Wengine waliwatukana. Kufika jioni karibu kijiji chote kilikuwa shuleni kule juu, na magodoro, na mbuzi, na kuku kwa mabeseni.

Kesho yake mchana tuta la kuzuia mto likapasuka. Nyumba zilienda. Hakuna mtu alienda. Hata mmoja.

Nyumba ya kwanza kuanguka ilikuwa ya kina Nekesa. Ile baridi ya kulala shuleni ikamwangusha, akalazwa siku nyingi. Alipotoka, ombi lake la kwanza kwa group lilikuwa, "Nani ana kipima mvua kingine? Changu kimeenda na maji."

Baadaye report ya watafiti ilitoka, wakatushukuru: "community volunteers". Akaisoma, akacheka. "Ona, Etyang. Nimekuwa wengi."

Wiki mbili zimepita tangu nimtembelee hospitalini, alikolazwa tena. Alikuwa amekonda, dripu mkononi. Nikamwambia ukweli, kwamba nataka kuacha hii kazi. Wenzetu wengi walishaacha, tunapima na mvua inafanya tu vile inataka. Nilingoja anigombeze.

"Pumzika," akasema. "Hata mimi nimechoka. Nimechoka sana, Etyang."

Miaka yote sijawahi kumsikia akisema hivyo. Nikashindwa pa kuangalia. Akaniomba nimmenyee chungwa, akala vipande viwili, akalala. Nilikaa hapo mpaka nurse akanifukuza.

Sikujua ndiyo ilikuwa kwaheri. Ningekaa zaidi.

Sina maneno makubwa, Nekesa. Nimechoka hata kulia. Jumamosi tunakuzika. Barasa amekataa boma yenu ya chini, amekuchagulia mahali kwa shamba la shangazi yako, pale kwenye mwinuko, ambapo maji hayajawahi kufika.

Lala huko salama, dada. Lala mpaka jua lipande, hakuna anayekuamsha.